Jerono Mwenye Pikipiki

Mwaka 1984 ungemuuliza mtu yeyote mjini Kitale Eliakim Khaemba ni mtu wa namna gani, angekujibu kwa neno moja: msafi. Alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya ushirika wa wakulima, na kola yake ilibaki nyeupe hata msimu ule ambao matope hupanda mpaka magotini. Alizaliwa upande wa Bungoma, kifungua mimba wa Mama Nasimiyu, mjane mwenye ng'ombe watatu, shamba la mahindi, na hamu isiyopoa ya kupata mkaza mwana.

Eliakim alikuwa na miaka ishirini na minane na hana mke. Watu walimsamehe kwa sababu alikuwa anasoma vitabu. Huku kwetu mtu akisoma sana, tunangoja kwanza amalize.

Jotham Kibiwott aliingia ofisini mwake mwezi wa tano akiwa na gambuti miguuni, akaacha alama za matope kutoka mlangoni hadi mezani. Alikuwa mtu wa Kapsokwony, kule mlimani, na serikali ilikuwa imemwajiri kupandisha ng'ombe kwa mrija. Yaani mkulima wa Saboti akiona ng'ombe wake anataka dume, alituma habari, na badala ya dume akaja Jotham kwa pikipiki, na mtungi wa mbegu umefungwa nyuma. Nusu ya ndama wa Trans-Nzoia walikuwa wake, kikazi. Kila mkulima alimpenda, na kila mkulima alikuwa na binti.

Siku hiyo alileta ripoti ipigwe taipu. Eliakim akaigeuza juu chini.

"Hii umeandika na nini, bana? Kwato?"

"Niliandikia juu ya tangi ya pikipiki. Wewe soma tu, si ndio msomi?"

"Hapa umesema mkulima amepandishwa mara mbili na hajashika mimba."

"Ng'ombe wa mkulima," Jotham akasema, na tayari alikuwa anacheka. Alikuwa na tabia hiyo, kucheka kabla hajafika mwisho wa utani wake, hata watu wakacheka pamoja naye bila kujua wanachekea nini. Akicheka, kovu lililokuwa kidevuni, alipopigwa teke na ng'ombe mmoja wa Saboti, lilijivuta likawa kama tabasamu la pili.

Ripoti ya nusu saa ilichukua mchana mzima. Wiki iliyofuata Jotham alileta ripoti nyingine, ya ng'ombe ambao hata hawakuwa wamepandishwa bado.

Kufikia Desemba walikuwa wapangaji katika ploti moja, vyumba viwili vinavyopakana. Mwaka uliofuata chumba kimoja kikawa stoo ya mtungi na vitabu, na wao wakabaki katika kile kingine, chenye kitanda kimoja. Majirani waliwasifu. Vijana wanajua kubana matumizi, walisema. Wanawake wa pale bombani, ambao walijua msichana ana mimba kabla mwenyewe hajajua, waliwatazama wanaume wale wawili wakianika shuka moja kila Jumamosi, wakaona usafi. Lau mmoja wao angemwingiza msichana chumbani kwa saa moja tu, wazee wa kanisa wangekuwa mlangoni kabla chai haijachemka.

Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa raha ya watu wasiotazamwa. Eliakim alimwekea Jotham maji ya moto ya kuoga, maana harufu ya zizi haikuogopa sabuni na maji baridi. Jotham alimletea maziwa ya kibuyu kutoka kwao. Waligombania redio. Siku moja Eliakim alishikwa na malaria kali, na Jotham, aliyekuwa Kapsokwony, akateremka katika mvua ya mawe, kwenye barabara ile inayoteleza kama sabuni. Alifika na matope mpaka kwenye nyusi. Akakaa kando ya kitanda.

"Usikufe," alisema. "Nani atasoma mwandiko wangu?"

Akaanza kucheka kama kawaida yake, kisha kicheko kikamgeuka, akafunika uso kwa kofia.

Eliakim alipopona aliandika hadithi juu ya siku ile. Hakubuni kitu. Kiswahili chenyewe kilimsaidia: alikuja, alicheka, alinishika mkono, na hakuna hata neno moja hapo linalokuambia kama aliyekuja ana ndevu. Akaituma kwa jarida moja la hadithi la Nairobi, kurasa tisa, herufi safi.

Mhariri, mama mmoja mwenye haraka, alijibu baada ya mwezi. "Hadithi nzuri sana. Lakini mpenzi huyu hana jina, na katika kurasa tisa hajavaa gauni hata moja. Msaidie msomaji."

Eliakim alimsomea Jotham barua hiyo kwa huzuni. Jotham aliisikiliza huku akipangusa plagi ya pikipiki.

"Niite Jerono," alisema. "Ni jina la shangazi yangu. Hawezi kukasirika, hasomi."

"Na gauni?"

"Nivalishe tu. Lakini pikipiki siachi."

Hivyo mwaka 1986 Kenya ikampata Jerono, msichana wa mlimani, mwenye kovu kidevuni, anayepandisha ng'ombe kwa mrija na kuendesha pikipiki kwenye mvua ya mawe na gauni la maua. Barua zikamiminika. Mwalimu mmoja wa Eldoret aliandika kwamba amechoka na wanawake wa hadithini, ambao kazi yao ni kulia kisimani na kuharibika mjini, na sasa hatimaye ameona mwanamke halisi. Mhariri alimpongeza Eliakim kwa kufungua ukurasa mpya katika kumwonyesha mwanamke. Kikundi cha akina mama wa Saboti kilimwalika azungumzie mwanamke wa kisasa, kikampa kuku na thamosi. Huko Bungoma mchungaji mmoja alimtaja Jerono katika mahubiri kuwa mfano wa usafi wa moyo, kwa sababu hakubusiwa hata mara moja. Alibusiwa mara mbili, kusema kweli, lakini mhariri alikata.

Wanaume nao hawakulala. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliomba anwani ya Jerono, nia yake ikiwa ndoa. Jotham alimjibu mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba Jerono ana mtu. Mfanyabiashara hakuweza kusoma hata mstari mmoja, akajiondoa.

Walicheka sana juu ya hayo. Lakini kila Jerono aliposifiwa, Eliakim alijisikia kama mtu aliyefika kwenye harusi yake mwenyewe akapewa kazi ya kugawa soda. Aliandika hadithi nyingine sita. Katika kila moja alichukua kitu kimoja cha Jotham, kicheko, au mkono unaonuka dawa, au namna alivyolala akikunja ngumi kama mtoto, akakivisha gauni, akakiposti.

Kosa lake ni kusahau kwamba jarida linafika Bungoma.

Dada yake Nakhungu, mwalimu wa shule ya msingi, alilinunua kila toleo na kumsomea mama yao, ambaye hakujua kusoma lakini alitaka kila hadithi mara mbili. Mama Nasimiyu alikuwa amefanya hesabu yake. Mwanawe haoi, mwanawe anaandika miaka miwili juu ya msichana mmoja tu, basi msichana yupo. Kwamba ni wa mlimani, hiyo ni shida, lakini shida ndogo kuliko kukosa. Mwaka 1988 barua ikafika Kitale: tunakuja Jumamosi kumwona Jerono.

Walikuja watatu: mama, Nakhungu, na baba mkubwa, ndugu ya marehemu baba yao, mzee aliyevaa koti la suti hata shambani. Jotham ndiye aliyepika kuku. Aliwapokea na maji ya kunawa, akiwa amefunga kitambaa kiunoni.

"Na huyu?" baba mkubwa aliuliza.

"Jotham, baba," Eliakim akajibu. "Tunakaa pamoja. Kupunguza kodi."

"Kijana mzuri! Anapika kuliko wake zangu wote. Sasa Jerono yuko wapi?"

"Ameitwa kazini. Kuna ng'ombe Saboti."

"Jumamosi? Mchapa kazi, bana. Hiyo nimependa."

Baba mkubwa akainamia kuku wake, na kuona kwake kukaishia hapo. Mama Nasimiyu hakuwa anakula. Alikuwa ametazama pikipiki iliyoegemezwa nje ya mlango. Sasa alitazama kidevu cha Jotham. Jotham, kwa woga, alianza kumsimulia baba mkubwa kisa cha ng'ombe aliyemfukuza mpaka juu ya paa la choo, na kabla hajafika kwenye choo akaanza kucheka.

Mama aliweka paja la kuku chini, akanawa, akamwita mwanawe nje, nyuma ya choo cha ploti ambapo kulikuwa na kamba za nguo.

"Eriakimu." Kinywani mwake l na r hubadilishana nafasi bila ugomvi. "Hiyo arama kwa kidevu. Ni ng'ombe arimpiga teke?"

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe ya Saboti?"

"Ya Saboti."

Aliishika shuka iliyoanikwa pale, akaikunjua kidogo kwenye pindo, kama anayeangalia mshono.

"Mama, nataka nikuambie—"

"Usiniambie. Ukiniambia nitarazimika kujibu, na mimi nirikuja na jibu ya msichana. Ringine sina."

Akarudi ndani. Eliakim alibaki kwenye kamba za nguo akiirudisha shuka mahali pake. Aliporudi, mama yake alikuwa katikati ya hadithi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika yeye. Nimeuriza, alikuwa anasema, na mambo ya huyu Jerono ni magumu. Watu wao wanataka ng'ombe arobaini. Na msichana mwenyewe anasema akiorewa razima aenderee kuzunguka na pikipiki kwa mazizi ya wanaume.

"Arobaini!" Baba mkubwa akaruka. "Hao wa mlimani wanatuona sisi nani?"

Alirudi Bungoma akiwa amekasirika na kufurahi, hali ambayo wazee wengi huipenda. Nakhungu alimshika kaka yake mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama Nasimiyu aliondoka bila kumpa Jotham mkono. Barua zake kwa miaka minne iliyofuata ziliandikwa na Nakhungu na ziliisha vilevile: salimia majirani.

Mwaka 1992 yakaja mapigano ya kikabila. Nyumba ziliwaka miteremkoni, watu wakateremka na magodoro kichwani, viwanja vya makanisa vikajaa. Sitasimulia mengi, waliokuwepo hawahitaji na wasiokuwepo hawatasadiki. Nitasema tu kwamba mji ule ambao kwa miaka saba haukuona kitanda kimoja, uliona makabila mawili kwa siku moja. Mwenye ploti alikuja asubuhi, kofia mkononi.

"Mimi sina ubaya na mtu, Khaemba. Lakini huyu wa mlimani ahame. Wataniunguzia nyumba."

Huko Kapsokwony nako Jotham alikuwa ameshaonywa: tumesikia unakaa na Mbukusu wa Bungoma. Walikuwa na siri moja kubwa, na wakahukumiwa kwa jambo lisilokuwa siri hata kidogo.

Waliagana adhuhuri, stendi, mbele ya umati. Walipeana mikono kama makarani wawili waliomaliza mkutano. Jotham alitaka kusema utani, akacheka mapema, utani wenyewe haukuja. Akapanda kwenda kwao. Eliakim akaenda Bungoma kwa mama yake, ambako familia tatu zilizochomewa nyumba zilikuwa zinalala katika ghala la mahindi.

Alikaa huko miezi kumi na mmoja bila habari ya Jotham. Barua hazikupanda mlimani. Alipima unga, aliandikia wakimbizi majina yao katika daftari la kanisa, alikonda. Na aliandika hadithi moja ya mwisho. Safari hii hakumvalisha mtu gauni. Aliandika wanaume wawili, mmoja Mbukusu, mmoja Msabaoti wa mlimani, Jotham akiitwa Jotham, na chumba chao, na stendi. Alipoiweka katika bahasha alijiona kama mtu anayejipeleka mwenyewe kituo cha polisi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mhariri aliandika kwamba hadithi ilimliza, lakini hawezi kuichapisha. Nyakati ni mbaya na jambo hili wasomaji hawatalivumilia: makabila mawili. Je, Eliakim angeweza kuwafanya wote wawili wa kabila moja? "Halafu kuna kosa dogo la taipu," aliongeza. "Kila mahali umeandika Jotham badala ya Jerono. Hilo usijali, tutakurekebishia."

Eliakim alisoma barua ile ameketi juu ya gunia. Alicheka hadi Nakhungu akatoka nje kuona kuna nini, na alipofika hakuwa anacheka tena. Hakubadilisha chochote. Hadithi iko katika sanduku lake mpaka leo.

Mama Nasimiyu alikuwa anamwona. Asubuhi moja, mwanzoni mwa 1993, akamkuta anakamua.

"Huyu ng'ombe anataka dume."

"Dume la jirani si lipo, mama?"

"Riko na miguu mbaya. Nataka mbegu ya serikari."

"Basi niende mjini nimwite mtu wa hapa Bungoma."

"Wa hapa mkono wake si mzuri," mama alisema, akitazama mahindi ya watu wengine. "Nataka ure wa Kapsokwony."

Alituma neno kupitia kwa akina mama wa kanisa, ambao walikuwa wanapeleka chakula pande zote mbili. Ilichukua wiki mbili. Jumanne moja, saa nne asubuhi, pikipiki ikaingia uani. Jotham alikuwa amebaki mifupa na gambuti. Watu wa ghalani walisimama wote. Mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa majivu huko juu, alichukua jembe.

"Huyu ni mtu wao," alisema.

Mama Nasimiyu alisimama kati ya jembe na pikipiki, mfupi, na ndoo mkononi.

"Huyu ni daktari ya ng'ombe yangu," alisema. "Mwenye anataka kumpiga, ampige. Harafu yeye mwenyewe ndio ataingiza mkono kwa ng'ombe."

Hakuna aliyejitokeza. Yule wa jembe alikaa chini, akaanza kulia, na mama akamwachia ndoo ashike, apate kazi.

Zizini walikuwa wawili, na ng'ombe katikati. Eliakim alishika mkia. Jotham alivaa glavu ndefu, akafanya uchunguzi wake.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe."

"Huyu ng'ombe hataki dume hata kidogo. Siku zake bado."

"Nilijua."

"Mama yako je, anajua?"

"Amefuga ng'ombe miaka arobaini."

Jotham aliinamisha kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe na kukaa hivyo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Shika mkia vizuri," alisema baadaye, ingawa hapakuwa tena na sababu ya kushika mkia. Eliakim aliushika, na mkono wake mwingine ukapita chini ya tumbo la ng'ombe ukapata mkono wa Jotham, wenye glavu, mchafu mpaka kwenye kiwiko. Wakabaki hivyo mpaka ng'ombe akachoka nao.

Mama alimletea mgeni chai mwenyewe, na mayai mawili. "Kunywa, Jotham," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo. Alimwomba arudi baada ya wiki tatu kuangalia kama ng'ombe ameshika. Jotham akarudi. Ng'ombe yule alikaguliwa mwaka ule kuliko ng'ombe yeyote wa serikali.

Mwaka 1994, hali ilipotulia, walirudi Kitale na kupanga upande mwingine wa mji, karibu na njia ya Kipsongo, ambako watu walikuwa na shughuli zao. Jarida lilikufa mwaka uliofuata. Wasomaji hawakuandamana. Jotham alipunguzwa kazini, akafungua duka la dawa za mifugo.

Tena kulikuwa na kanisa jirani. Mwaka 1997 wazee wake walikaa wakatafuta mtu wa kuwafundisha vijana kujizuia, na wakaona neema imekaa mlango wa pili: wanaume wawili, wamevuka arobaini, hawajawahi kuonekana na mwanamke. Walikuja kuwaomba kwa heshima. Jotham alikimbilia jikoni na kikohozi. Eliakim alikubali, kwa sababu alijua hakuna mwingine atakayejitolea kushika chaki.

Alifundisha Jumamosi tatu. Ile ya mwisho msichana mmoja wa benchi ya mbele aliinua mkono.

"Mwalimu, na wewe uliweza aje, miaka hiyo yote?"

Mchungaji aliyeketi nyuma akajiweka sawa, kalamu tayari. Eliakim alifikiri, maana lilikuwa swali zuri na hakuwahi kuulizwa.

"Ni kuchagua vizuri mtu wa kukaa naye," alisema.

Mchungaji aliliandika, akalipigia mstari, akaomba lirudiwe kwa sauti na darasa zima. Likarudiwa. Kisha Eliakim akafuta ubao, akawaaga, akaenda nyumbani haraka kidogo, kwa sababu Jotham alikuwa juu ya paa anaziba mabati na hakukuwa na mtu wa kushika ngazi.